Yangu Ina Mstari

Saa mbili usiku, Webuye, stima imepotea tena.
Mvua inapiga bati kama mtu anayedai deni.
Kabati la dawa lina kufuli mbili,
na funguo zote mbili ninazo kiunoni, nimezifunga kwa leso;
hata msalani naenda nazo.

Wazee kumi na saba. Kalamu moja,
imefungwa uzi kwenye daftari
kwa sababu kalamu za nyumba hii zina miguu.

Naanza na Mzee Khaemba, ambaye dawa yake ya moyo
haitolewi mpaka mshipa uhesabiwe dakika nzima.
Chini ya sitini, chupa haifunguliwi.
Aliendesha mtambo kiwandani miaka ishirini na tisa,
anapenda mtu akimhesabu bila haraka.
"Sitini na nane," namwambia.
"Bado nazalisha," anacheka.

Kisha chumba cha nne,
na chumba cha nne ndicho nilichokusudia kueleza.

Vitanda viwili. Truphena Nekesa, Truphosa Nekesa.
Si ndugu. Wote walizaliwa msimu wa mavuno,
wote walibatizwa na watu waliosoma aya ileile ya Warumi.
Mmoja ana sukari, mwingine presha.
Tembe zao nyeupe, za mviringo,
ndogo kama kifungo cha shati la mtoto.

Nilikuwa nimekesha usiku wa pili mfululizo.
(Hiyo si sababu. Naiandika tu.)
Simu niliibana kwa meno, tochi ikiwaka.
Nilisoma "Truph" na macho yakamalizia yenyewe.

Truphosa hakuwa amekula; ugali wake ulikuwa pale, umeshika ngozi.
Alipokea tembe, akaigeuza kiganjani kwa kidole gumba
kama mtu anayegeuza sarafu asiyoiamini,
akasema, "Mwanangu, yangu ina mstari katikati."

Mvua iliendelea. Mimi ndiye niliyesimama.

Mstari. Mkwaruzo mwembamba kuliko unywele.
Mwanamke wa miaka themanini na mitatu,
jicho moja lina ukungu,
alikuwa macho pale nilipokuwa nimelala wima.

Hakuna aliyeona. Kisanduku daftarini kilikuwa kitupu.
Ningebadilisha tembe, ningetia alama, ningezima tochi.
Babu yangu mwenye duka alizoea kusema
mali bila daftari hupotea bila habari.
Hakuwahi kusema dawa bila daftari hufanya nini.
Niliandika: Saa mbili na dakika kumi na nne.
Nimempa isiyo yake. Hakumeza. Kosa ni langu. Imali.
Mkono ulitetemeka; mpaka leo jina langu pale
linafanana na mdudu aliyekanyagwa.

Asubuhi Matroni Abisagi alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.
Nilingoja neno "barua".
Akauliza, "Jana ulikula saa ngapi?"

Kisha akamhamishia Truphena chumba cha saba,
akabandika picha zao juu ya visanduku vyao,
na kutoka droo ya chini akatoa mfuko wa vidonge
vya marehemu Mzee Barasa,
ambavyo sote tulivionea huruma kuvirudisha hospitalini.
"Shamba hurithiwa," alisema. "Dawa ya marehemu hairithiwi."

Truphosa amekasirika. Alizoea kulala akisikia mwenzake akikoroma.
Na kila usiku nikifika namwuliza jina lake lote
kama askari kizuizini,
naye hujibu kwa madaha, mpaka jina la babu yake,
mpaka mto waliouvuka wakija huku,
sinia likinilemea mkono,
halafu anafungua kiganja: "Niione."

Tunaitazama pamoja kwenye mwanga wa simu.
Mstari upo.
Anameza. Mimi naandika.